Hivi kusikia tu "wasichana hesabu haziwapandi" kunaweza kushusha maksi za mtu kwenye pepa?

mwl_wa_kutwa
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya kutwa ya mchanganyiko, nafundisha kidato cha pili na cha tatu. Kuna kitu kinanisumbua muda mrefu sasa, wenye uelewa naomba mnisaidie.

Nina wasichana kadhaa ambao kwenye mazoezi ya kila siku wako vizuri kabisa, ukimwita ubaoni anakokotoa logarithi bila wasiwasi, daftari safi, wengine ndo wanawaelekeza wenzao jioni. Sasa ngoja uje mtihani wenyewe, ule wa kukaa ukumbini na msimamizi anazunguka. Mtu anaanza swali la kwanza anakata, anaanza upya anakata tena, anahamia la tatu, anarudi la kwanza, muda unaisha hajafika hata nusu ya sehemu A. Na ukiangalia zile alizokata unakuta njia ilikuwa sahihi kabisa! Wavulana wa kiwango hichohicho hawafanyi hivyo, wao hata asichokijua anaandika tu anasonga mbele.

Juzi ofisini mwenzangu mmoja akasema tatizo ni kasumba, watoto wamesikia tangu wadogo kwamba hesabu ni za wanaume, wakikaa kwenye pepa yale maneno yanawakaba. Mwingine akacheka akasema hayo ni mambo ya semina, mtoto anajua au hajui basi. Mi nikabaki katikati.

Swali: kuna utafiti wa kweli juu ya hili au ni maneno ya semina tu? Na kama ni kweli mwalimu unafanyaje? Naomba majibu ya maana, wale wa "mwanamke na hesabu wapi na wapi" leo pumzikeni.

---

Mangi_Mwenge
Nimekaa siti ya mbele nasubiri wataalamu, mi hesabu ilinipiga F na hakuna aliyewahi kuniambia wanaume haziwapandi 😂

---

saikolojia_mtaani
Mwalimu, utafiti upo na ni maarufu sana. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili, Claude Steele na Joshua Aronson, walichukua wanafunzi wa Stanford kule Marekani, weusi na weupe, wakawapa maswali magumu ya lugha ya aina ya GRE, ule mtihani wa watu wanaotaka kusoma masters. Pepa ni ileile kwa wote, kilichobadilishwa ni maelezo ya mwanzo. Wengine waliambiwa mtihani huu unapima uwezo wako wa akili, wengine wakaambiwa sisi tunataka tu kuona watu wanatatua vipi maswali, hatumpimi mtu. Wanafunzi weusi walioambiwa wanapimwa akili walifanya vibaya kuliko weusi wenzao walioambiwa hawapimwi. Kwa weupe yale maelezo hayakuleta shida hiyo.

Na kuna jaribio jingine ndani ya utafiti huohuo, hilo ndo lilinishangaza zaidi. Hawakuzungumzia akili wala nini, baadhi ya wanafunzi waliombwa tu wajaze rangi yao kwenye fomu kabla ya kuanza. Basi. Weusi waliojaza wakashuka.

Halafu 1999 Steele na wenzake, Steven Spencer na Diane Quinn, wakaja kwenye kesi yako wewe: wanawake na wanaume ambao wote ni wazuri wa hesabu, pepa ngumu. Walioambiwa kwamba kwenye mtihani huu wanaume na wanawake huwa wanapishana, wanawake wakashuka. Walioambiwa kwamba hakuna kupishana, wakaenda sawa.

Sasa watu wengi wanakosea hapa, wanadhani yule mtoto anaamini kwamba wasichana hawawezi. Wala hahitaji kuamini! Anahitaji kujua tu kwamba wengine wanaamini hivyo. Ndo maana anayeumia zaidi ni yule mzuri, yule anayelipenda somo, kwa sababu ndiye mwenye cha kupoteza. Asiyejali hesabu wala hashtuki, ashtuke nini na alishakata tamaa kidato cha kwanza.

Maelezo ya namna inavyofanya kazi ni hivi: swali gumu linataka ushike vitu vingi kichwani kwa wakati mmoja. Chukua mlinganyo wa kipeuo cha pili, umeshaandika fomula, sasa unakokotoa b ya mraba, unatoa 4ac, alama ya kutoa inakutana na alama ya kutoa, na huku hujasahau kwamba chini kuna 2a. Ukiongeza juu ya hapo sauti inayouliza "nikikosea hii watasema si tulisema?" na nyingine inayosema "acha kuwaza hivyo", nafasi inapungua. Kama simu yenye programu kumi zimefunguka kwa nyuma, haijafa ila inakwamakwama. Maswali mepesi hayaguswi sana, magumu ndo yanaonyesha.

---

Kobe_Mjanja
Mkuu umeeleza vizuri ila umetupa nusu ya stori, ile nusu ya miaka ya tisini.

Kwanza watu wanapenda kusema kwamba ukiondoa hiyo kasumba weusi na weupe wanapata sawa. Hapana. Steele na Aronson walirekebisha maksi kwa kuzingatia alama za SAT, ule mtihani wa kuingilia chuo Marekani, ambazo wanafunzi walikuja nazo chuoni. Maana yake ni kwamba kwenye kundi lisilotishwa, yaani walioambiwa hawapimwi akili, pengo lilibaki kama SAT ilivyokuwa imeshaonyesha, na kwenye kundi lililotishwa likawa kubwa zaidi. Mwaka 2004 Paul Sackett na wenzake waliandika makala kueleza kosa hilo maana hadi vitabu vya chuo vilikuwa vinalirudia.

Pili, majaribio mengi ya zamani yalikuwa na watu wachache. Ukifanya kwa watu wachache ukapata kitu unachapisha, usipopata unaweka kwenye droo. Tafiti za droo hatuzioni. Ndo sababu 2018 Paulette Flore na wenzake Uholanzi waliamua kufanya kwa utaratibu wa kuandika kila kitu kabla, tutapima nini na tutachambua vipi, halafu wakachukua wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2000, wasichana na wavulana, hesabu. Matokeo: kasumba haikuwashusha wasichana. Hakuna.

Tatu, ETS, wale wanaotengeneza mitihani Marekani, walijaribu kwenye mtihani halisi wa calculus wa wanafunzi wa sekondari, sio wa maabara. Wengine waliulizwa jinsia kabla ya pepa, wengine baada. Waliofanya utafiti wakasema tofauti haina uzito, baadae wengine wakachukua namba zilezile wakasema mbona uzito upo, basi wakabishana weee.

Sisemi watoto wa mwalimu hawana tatizo. Nasema tusimwambie mtu kwamba sentensi moja inamfelisha mtoto kama uchawi. Sehemu nyingi huku mtoto amemaliza mwaka mzima na mwalimu mmoja wa hesabu kwa shule nzima, halafu tunatafuta saikolojia.

---

saikolojia_mtaani
@Kobe_Mjanja hiyo ya Uholanzi naijua na siibishii. Ila tafakari kitu kimoja, ukimwambia binti wa Uholanzi "mtihani huu wavulana na wasichana huwa wanapishana" anaweza kukuona unaongea mambo ya babu yake, haimchomi. Huku kwetu hayo maneno ni ya kila siku na anayesema ni mwalimu au baba. Hatuwezi kuchukua jibu la kule tukalibandika hapa, iwe la ndiyo au la hapana.

---

Kobe_Mjanja
Hoja nzuri, ila basi hata ile ya Stanford usiibandike hapa 😀

---

binti_wa_PCM
Nimesoma kimya nimeshindwa kuvumilia.

Olevo nilisoma shule ya wasichana watupu. Kule hakuna aliyeniambia hesabu ni za wanaume, na angeniambia nani wakati wanaume hawapo? Wa kwanza msichana, wa mwisho msichana, anayepiga kelele darasani msichana, anayechora mchoro wa fizikia ukuta mzima ni msichana. Nikachaguliwa PCM (fizikia, kemia na hesabu) shule ya mchanganyiko, darasani wasichana tunahesabika.

Mwalimu wa hesabu hakuwa mtu mbaya, na sema kweli alikuwa anafundisha vizuri. Ila alikuwa na mtindo wake wa kurudisha pepa. Anazipanga kuanzia ya juu, anaita jina, unakwenda mbele unachukua. Mara ya kwanza akaniita wa kwanza, kimya, halafu akawageukia wavulana: "Mnaona aibu nyie? Mmepigwa na msichana!" Darasa likalipuka. Yeye alidhani ananisifu. Mimi nimesimama pale na pepa yangu nimeshika najiuliza nicheke au nifanyeje.

Kuanzia siku hiyo kila pepa haikuwa yangu tena, nilikuwa nafanya kwa niaba ya wasichana wa dunia nzima. Nikipata juu ni aibu ya wavulana, nikipata chini si ndo walivyotegemea? Nilikuwa nasoma swali mara tatu nne kabla ya kuandika chochote, na hiyo ya kukatakata aliyosema mwalimu naijua vizuri sana, unakata sio kwa sababu umekosea, unakata kwa sababu unaona kama kuna mtu amesimama nyuma yako anaangalia.

Nilifaulu, nimesoma uhandisi, niko kazini, hadi leo kwenye kikao cha saiti nikitaja kipimo kuna mtu atamgeukia fundi wa kiume kuuliza "eti ni kweli?" Hivyo Kobe_Mjanja sijui Uholanzi walipima nini, mimi nilikuwepo.

---

Kobe_Mjanja
Pole dada, na hongera. Sikatai yaliyokupata. Ila hata hapo angalia, yaliyokupata wewe sio sentensi moja kabla ya pepa, ni mwaka mzima wa mwalimu yuleyule na mtindo uleule. Majaribio mengi yanapima hiyo dakika moja. Inawezekana kabisa dakika moja haifanyi kitu na mwaka ukafanya. Na kuhusu shule za wasichana kufanya vizuri, nyingi za zile za juu zinachuja kwa mtihani wa kuingia, hapo huwezi kutenganisha kukosekana kwa wavulana na ule mchujo.

---

Msee_wa_Rongai
Salamu kutoka Kenya. Hii mambo si ya wasichana pekee jameni. Kuna ile ya 1999 ya kina Jeff Stone, waliita watu weupe na weusi wakawapa mchezo wa gofu, kupiga mpira kwa shimo tu. Wakiambiwa hii inapima akili ya michezo, weusi wanaharibu. Wakiambiwa inapima kipaji cha mwili cha kuzaliwa nacho, sasa ni wazungu wanaharibu! Gofu ni ileile, shimo ni lilelile.

Na mwaka huohuo Aronson na wenzake walichukua vijana wa kizungu ambao hesabu wanaiweza sana, wakawaambia tunataka kujua kwa nini Waasia huwashinda watu weupe kwa hesabu. Vijana wakashuka. Sasa mzungu wa Stanford ni nani amewahi kumdharau kwa hesabu? Hakuna historia yoyote ya kumkandamiza, na bado alitetemeka. Ndio maana mimi naona hii kitu iko, hata kama ni ndogo kuliko walivyoitangaza.

Lakini @Kobe_Mjanja najua utaniuliza walikuwa wangapi. Walikuwa wachache. Haya nimesema kabla hujasema.

---

Kobe_Mjanja
😂😂 umeniwahi

---

mpita_njia_Tabora
Naongezea ya India kwa sababu wengi hawaijui na ni karibu na maisha yetu kuliko Stanford. Karla Hoff na Priyanka Pandey walikwenda vijijini Uttar Pradesh wakachukua wavulana wa darasa la sita na la saba, wa tabaka la juu na wa tabaka la chini kabisa, wakawapa mafumbo ya kutafuta njia kwenye karatasi, ukipata unalipwa. Matabaka yasipotajwa, watoto wanakwenda sawa tu. Akisimama mtu mbele ya wote akasoma jina la mtoto, la baba, la kijiji, na tabaka lake, watoto wa chini wanashuka.

Ila watafiti hawakuishia kusema ni woga. Waliona sababu mojawapo ni mtoto kutotarajia kutendewa haki. Yaani anajiuliza nijitese kwa nini kama hata nikipata watanibania? Hilo ni tofauti na presha. Dada wa PCM presha ilimfanya ajitume kupita kiasi hadi akakwama, huyu wa India anaachia. Kwa hiyo mwalimu angalia wako ni wa aina gani, dawa zake hazifanani.

---

Mama_Kemia
Wanangu hamjambo. Mimi nimestaafu, nimefundisha kemia na hesabu miaka mingi, mikoa tofauti. Hayo majina ya wazungu mmeyamaliza, niongee na mwalimu mwenzangu.

Mwalimu, rudi kwenye maandishi yako. Umesema "daftari safi". Umewasifia wasichana kwa daftari safi, na mimi nilifanya hivyohivyo, wote tunafanya. Tangu darasa la kwanza msichana anasifiwa kwa mwandiko, kwa mstari uliochorwa na rula, kwa kutokukosea. Mvulana anaandika kama kuku amekanyaga wino lakini akipata jibu tunasema huyu ana akili. Sasa siku ya pepa unataka yule wa kwanza athubutu kuandika kitu ambacho hana uhakika nacho! Amejifunza wapi kuthubutu? Mimi kabla ya kwenda India ningeanzia hapo.

Nilichokuwa nafanya: mwisho wa wiki swali moja gumu, dakika kumi, marufuku kukata. Ukiona umekosea unapiga mstari chini yake unaendelea, ya juu inabaki. Nikisahihisha natoa maksi za hatua, na zile hatua za jaribio lililoshindikana nazo nazipa kitu kidogo kama zina mantiki. Wasichana mwanzoni walikuwa wanalia kwa sababu karatasi "imechafuka". Baada ya muda wakazoea uchafu.

La pili, hiyo ya "mmepigwa na msichana" ifutwe ofisini kwenu nzima, sio wewe peke yako. Pepa zirudishwe kila mtu mezani kwake, zikiwa zimekunjwa. Najua kuna walimu wataona unalea watoto kama mayai. Waache. NECTA wenyewe tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, wewe darasani unapanga foleni ya nini?

La tatu, waambie ukweli kwamba mapigo ya moyo kwenda mbio kwenye pepa ya hesabu ni kitu cha kawaida na hayana maana kwamba hujui. Wasichana wengi wakisikia moyo unadunda wanachukulia kwamba ndo dalili hesabu si zao.

---

saikolojia_mtaani
Shikamoo mama. Hiyo ya tatu ina utafiti pia, 2005, Michael Johns na wenzake waliwaeleza wanawake kabla ya pepa kwamba kuna kitu kama hiki, ukisikia wasiwasi inaweza kuwa ni kasumba na sio uwezo wako, na hao wakafanya vizuri karibu sawa na wanaume. (Kobe, najua, najua.)

---

Mama_Kemia
Marahaba. Sisi tulikuwa hatuna Johns, tulikuwa tunaona tu.

---

mwl_wa_kutwa
Nashukuru sana wakuu, na mama nakupa shikamoo ya pekee, hiyo ya daftari safi imenigusa maana kwenye kila daftari nimeandika "kazi safi" kwa wino mwekundu.

Nina mikondo miwili ya kidato cha tatu, A na B, nawafundisha yote mimi. Nawaza nianze hiyo ya swali gumu bila kukata kwenye mkondo A tu, B niendelee kama zamani, tukifika mtihani wa mwisho wa muhula nilinganishe. Kobe naona hii utaipenda. Kuna cha kurekebisha?

---

Kobe_Mjanja
Naipenda ila rekebisha vitu viwili. Usihesabu maksi za jumla tu, hesabu maswali waliyojaribu na yaliyokatwa, maana tatizo lako uliloleta ni la kukata na kukimbia maswali. Na asahihishe mwalimu mwingine, asiyejua nani yuko A nani B, wewe ukisahihisha utawaonea huruma A bila kujijua. Na hata ikija vizuri jua ni mikondo miwili tu, usije ukafungulia semina.

---

binti_wa_PCM
Na hao wasichana wa B je? Kama unaona kabisa hiki kitu kinasaidia, kwa nini wao wasubiri muhula mzima ili Kobe aridhike? Hao wana mtihani wa taifa mwakani.

---

Kobe_Mjanja
Ndo kwanza hatujui kama kinasaidia dada, ndo maana ya kupima.

---

binti_wa_PCM
Mama kafanya miaka na miaka.

---

Mama_Kemia
Mwalimu, anza na A muhula huu, B waingie muhula ujao, mwisho wa mwaka wote wamepata. Ila kurudisha pepa zikiwa zimekunjwa, hilo anza mikondo yote Jumatatu, hilo halihitaji kupimwa.